Mjakaranda wa Mama Wanja

Ploti yetu hapa Murera ni futi 50 kwa 100. Ukitoa nyumba, tangi la maji, banda la kuku na mahali ambapo gari lingeegeshwa kama tungekuwa na gari, kinachobaki cha kuitwa bustani ni kipande ambacho kuku wawili wakipigana, mmoja lazima atoke nje ya mpaka. Ni hapo ndipo mimi na Mama Wanja tulikubaliana, mwaka wa 14 wa ndoa yetu, kupanda mti wa maua. Mti mmoja. Hilo neno "mmoja" ndilo lililotukosesha usingizi.

Mama Wanja alizaliwa Ruiru. Mimi ni wa Thika. Murera tulinunua kwa sababu iko katikati na kwa hivyo hakuna aliyeshinda. Kumbe tulikuwa tumeahirisha tu vita.

"Mjakaranda," alisema yeye, bila hata kuuliza.

"Nandi flemu," nikasema mimi.

Vitabu vya miti vinauita kibobakasi. Ni jina tamu, nami nimeamua kulitumia, ingawa nilipolitamka kwa muuzaji miche aliniangalia kama mtu aliyemtusi mama yake. Sasa niambieni: mtu wa Thika atapanda mti gani mwingine? Mwaka 1959 Elspeth Huxley alituandikia kitabu kizima, The Flame Trees of Thika, kuhusu utoto wake wa kilowezi huku kwetu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1981 Waingereza wakakifanyia mchezo wa televisheni, Hayley Mills akawa mama wa yule mtoto. Tangu hapo, mtu yeyote nikimtajia Thika ughaibuni ananiuliza habari za miti ya moto. Hakuna anayeniuliza habari za mananasi, ambayo angalau yanalika.

Mama Wanja naye ana hoja zake, na zote ni za Ruiru. Kituo cha utafiti wa kahawa, anasema, kilianzishwa kwenye shamba lililoitwa Jacaranda, na huko ndiko ilikotoka kahawa ya Ruiru 11, ile iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inahimili chulebuni na kutu ya majani. "Thika imetoa nini?" anauliza. "Kitabu cha mzungu?"

Nilimkumbusha kwamba hiyo kahawa ya Ruiru inazidi kung'olewa ili watu kama sisi wauziwe ploti. Huku kwetu mti haupewi heshima mpaka ukatwe. Ukishalala chini ndipo mtaa wa nyumba za ghorofa unapewa jina lake, na geti la chuma linachorwa ua. Hapo tulielewana kidogo. Tulikunywa chai.

Lakini mjakaranda mimi naujua, na siujui kwa kusoma. Jirani yetu wa upande wa juu anao mmoja, mnene, umri wake haujulikani. Kuanzia Septemba hadi Novemba unavaa zambarau, wageni wanasimama barabarani kuupiga picha, na jirani anajitokeza kwenye baraza yake kana kwamba yeye ndiye aliyechanua. Hakuna anayepiga picha gata zangu. Jani la mjakaranda si jani, ni vumbi lenye nia mbaya. Limegawanyika vijani vidogo kama punje za mtama, likikauka vinaachana, vinapita kwenye chujio nililofunga mimi mwenyewe kwa waya, vinaingia kwenye tangi, na maji yanakuwa rangi ya chai ya mtu asiye na maziwa. Reki havisikii. Ufagio unavipeleka mahali pengine tu. Na ua lenyewe, lile la kupigwa picha, likishalala kwenye saruji na kunyeshewa, ukilikanyaga linatoa mlio mdogo, *pap*, halafu mguu unaondoka peke yake. Novemba iliyopita nilipita getini kwangu nikiwa nimekaa.

"Kwa hivyo unaukataa mti kwa sababu hujui kutembea," akasema Mama Wanja.

Basi akanitolea kesi yake dhidi ya kibobakasi, na hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Akiwa darasa la sita, kwenye uwanja wa shule kulikuwa na mti huo. Kabla ya ua kufunguka, kuna vitumba vya kahawia vilivyojikunja kama ndizi changa, vina manyoya laini kama sikio la ndama, na ndani vimejaa maji. Mvulana mmoja alikata ncha ya kitumba kwa meno, akakiminya, na mchirizi ukampata Mama Wanja kifuani, kwenye shati jeupe lililonunuliwa wiki hiyo. Maji yale yananuka, na yakikauka yanaacha doa la manjano lisilojua sabuni. Alichapwa nyumbani. Shati lilivaliwa hadi darasa la nane likiwa na doa lake.

"Miaka zaidi ya 25," akasema, "na bado namkumbuka."

Nilitaka kuuliza ni mvulana gani huyo, nikaona tuache.

Usiku huo vita vilihamia kwenye simu. Kila mmoja alilala upande wake wa kitanda akitafuta intanetini aibu za mti wa mwenzake, kama watu wanaochunguza ukoo wa mkwe kabla ya mahari. Mimi nikapata kwanza: mjakaranda ni mgeni kutoka Amerika Kusini, kule Argentina na Bolivia. Pretoria wanayo ipatayo 70,000, wanajisifu nayo, lakini serikali ya Afrika Kusini imeuweka kwenye orodha ya mimea vamizi. "Ona," nikasema, "ni mti wenye faili."

Kimya. Mwanga wa simu yake usoni. Halafu: "Baba Wanja, wako uko kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani."

Nikamwambia huko ni Hawaii na Fiji, ulikopelekwa na watu wengine, hapa ni nyumbani kwao. Hapana, akasema, nyumbani kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, na ndiyo maana unaitwa wa Nandi. Thika uliletwa ukapandwa. "Umekuja kama sisi," akasema. "Kununua ploti."

Hilo lilinichoma, nakiri. Lakini lililotumaliza lilikuwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Mjakaranda na kibobakasi ni wa ukoo mmoja. Wataalamu wanauita Bignoniaceae. Tulikuwa tumegombana wiki nzima juu ya binamu wawili. Na wote wawili hufika mita 15 na zaidi, yaani futi 50. Mmoja wao ukianguka kiubavu, utajaza upana wa ploti yetu bila kupoteza inchi.

Watu wenye akili wangepanda waridi. Sisi tulikwenda kwenye nasari kando ya barabara tukanunua yote miwili. Mjakaranda ulikuwa shilingi 100. Wangu muuzaji alisema ni 150.

"Kwa nini?"

"Hizi Nandi flemu ni adimu, mzee wangu. Watu wa Thika wanazimaliza."

Nikalipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata hospitalini. Mama Wanja aliangalia pembeni.

Tulipanda Aprili mvua ikiwa imeshika, kwenye ule udongo mweusi unaoondoka na kiatu chako ukidhani bado umekivaa. Mjakaranda upande wa kulia wa geti, kibobakasi kushoto, karibu na ua la kayaba. Mbolea ya ng'ombe debe moja kila mmoja, ili asije mtu akasema kulikuwa na upendeleo. Mimi niliongeza nusu debe usiku. Kufikia Krismasi wa Mama Wanja ulikuwa umefika gotini, wangu begani. Nilikuwa nikichukua chai yangu nje, nikisimama karibu nao, bila kusema neno. Haikuhitajika neno.

Wiki jana Shosho mmoja anayekata nepia kando ya fensi yetu alisimama na mzigo wake mgongoni akautazama mti wangu. Nikamsogelea. Nilikuwa nimeshaandaa habari za Huxley.

"Kijana wangu, umefanya vizuri kupanda muu," akasema.

"Shosho, huo ni Nandi flemu."

Hakubishana. Alishusha mzigo polepole, akashika tawi, akalivuta hadi karibu na macho yangu, akaonyesha kwa ukucha pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Palikuwa na vijani viwili vya duara, kimoja huku, kimoja huku. "Unaona masikio? Muu una masikio. Nandi flemu hauna." Utachanua manjano, akaniambia, na utaning'iniza maganda marefu kama nyoka wembamba. Kwao ulikuwa ukijiotea wenyewe mpakani mwa shamba, wala haukununuliwa. Nilitazama baadaye kwenye simu. Nao ni wa ukoo ule ule, binamu wa tatu.

Nikageuka polepole. Mama Wanja alikuwa anaanika nguo, mgongo umetuelekea, ila kibanio kimoja kilikuwa kimekaa hewani muda mrefu kuliko inavyohitajika kubana soksi.

"Shosho," nikanong'ona, "tafadhali, hili jambo libaki hapa."

Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa amezungusha kidole gumba na cha shahada kwenye shina la mti wangu wa shilingi 150, akipima unene.

"Mchwa hauwezi," akasema, akijitwika nepia yake. "Uache miaka miwili. Nitakuja kukata mpini wa jembe."