Heko, Katiba ya Muda

Sijaona mtaa uliopewa jina la Katiba ya Muda ya Tanzania ya mwaka 1965. Wanasheria wakiitaja hukunja uso, na vijana wa Kilole, hapa kwetu Korogwe, hawajui hata kama iliwahi kuwapo. Leo nimeamua kuisifu, tena hadharani, kwa kuwa marehemu huyu alizikwa bila hotuba.

Kila anayesifiwa huanzwa na ukoo wake. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere wa Tanganyika na Mzee Karume wa Zanzibar walitia saini Hati za Muungano. Humo iliahidiwa kwamba kabla ya mwaka kwisha lingeitishwa Bunge la kutunga katiba ya nchi mpya. Mwaka ukaja, ukataka kupita. Wakubwa wenye pupa wangeitisha mkutano na kuwasumbua wananchi kwa maswali. Wetu walikuwa na hekima: mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya kuahirisha jambo hilo hadi wakati utakapofaa. Mwezi Julai mwaka huohuo akazaliwa huyu ninayemsifu, ashike zamu kidogo tu, mpaka wakubwa watakapopata nafasi.

Akashika zamu miaka 12. Hapo ndipo alipowaacha mbali wenzake wote. Wamarekani, wanaojigamba kwa mambo ya katiba, walianza na Mkataba wa Shirikisho mwaka 1781. Kufika 1789 ulikuwa umekwisha kazi. Serikali yao kuu haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na kubadili kifungu kimoja kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Kenya nayo ilipata uhuru Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, na Desemba iliyofuata majimbo yakawa hadithi. Uganda, Aprili 1966, wabunge waliambiwa nakala za katiba yao mpya watazikuta katika visanduku vyao vya barua; mwaka uliofuata ikaja nyingine. Yetu ilidumu kuliko Mkataba huo wa Wamarekani, na haikumtuma mbunge yeyote kwenye kisanduku cha barua.

Sifa ya pili ni kubana matumizi. Mkataba wa Wamarekani ulikufa kwa kukosa nguvu; yetu haikuwa na ugonjwa huo. Nguvu zote iliziweka mahali pamoja ili zisipotee njiani. Katiba ya chama cha TANU iliambatishwa kwenye Katiba ya nchi, ukifungua moja umefungua zote mbili. Mkuu wa wilaya alikuwa pia katibu wa chama wilayani. Fikiria nafuu aliyopata mkulima wa Korogwe au Handeni mwenye malalamiko: akionewa na serikali na kutaka kulalamika kwa chama, hakuhitaji kuhangaika na ofisi ya pili. Aliyemsikiliza asubuhi ndiye angemsikiliza jioni, na jibu lilikuwa lilelile.

Tatu, haikuchosha watu kwa haki. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa kuhusu demokrasia ya chama kimoja iliona kuwa orodha ya haki za raia ndani ya katiba ingeifunga serikali mikono wakati taifa lina haraka ya kujijenga. Sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani ikabaki imetulia, haina wa kubishana naye. Haki hizo ziliingia katika katiba mwaka 1984, zikasubirishwa tena hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mbele ya jaji. Aliyekuwa na dai la mwaka 1965 alipewa miaka 23 ya kulipanga vizuri.

Badala ya haki tulipewa masikio. Katiba ya Muda ilituzalia Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mtu wa mkoa wetu wa Tanga, Chifu Erasto Mang'enya wa Bondei. Tume hiyo ilisikiliza manung'uniko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali na chama, ikapeleka taarifa kwa Rais. Rais mwenyewe haikuruhusiwa kumchunguza. Ni adabu tu: huwezi kupeleka kwa mwenye nyumba taarifa inayomhusu mwenye nyumba.

Nne, ilikuwa hodari wa hesabu. Nchi mbili ziliungana zikatoa serikali mbili, lakini si zile mbili za mwanzo. Zanzibar ilibaki na serikali yake, na rais wake akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, ingawa katiba yake yenyewe ilisubiri hadi 1979. Tanganyika ilikabidhi mambo yake yote kwa Serikali ya Muungano, ikatoweka bila kuacha anwani. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11. Leo orodha ina 22. Watu wa pande zote mbili bado wanazungumza juu ya hesabu hiyo, na taifa linalozungumza halilali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu alipewa jembe mapema, tena na nyumba juu yake. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 chama kilipitisha wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na asiyejua kusoma akapiga kura bila kuongozwa mkono. Hapa nasifu bila dhihaka. Wananchi waliwaangusha vigogo, akiwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, jambo ambalo nchi nyingi zenye vyama kumi haziliwezi. Hata hivyo Katiba ilikuwa na huruma na vigogo: haukupita muda mrefu Bomani akawa waziri tena.

Uzao wa Katiba hiyo pia unastahili pongezi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani, ambako yalipokewa na maofisa wa serikali kuu. Sheria yake nayo ilibeba jina la masharti ya muda, kama mzazi. Sheria ya kurudisha halmashauri ilitungwa mwaka 1982, zikaanza kazi 1984. Kwa miaka hiyo yote Korogwe haikuwa na halmashauri ya kulaumiwa kwa kisima kilichokauka.

Hatimaye zamu ikaisha. Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana kuwa CCM. Machi ikateuliwa tume ya watu 20 chini ya Thabit Kombo. Tarehe 25 Aprili, Bunge Maalumu, yaani wabunge walewale waliokuwapo, likapitisha katiba ya kudumu. Miaka 12 ya kungoja, wiki chache za kuandika.

Hiyo ya kudumu imebadilishwa mara 14. Mwaka 2014 tulipata Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa hadi itakapotangazwa. Damu ya ukoo haipotei.

Mtoto aliyezaliwa Kilole mwaka ule wa jembe na nyumba leo amefikisha umri wa kustaafu. Amemchagua diwani, mbunge na rais. Pengine amechagua hata mwenyekiti wa msikiti au mzee wa kanisa. Katiba hajawahi kuulizwa kama anaitaka. Basi nasi tumsifu yeye pamoja na marehemu wetu, maana Katiba ya Muda ilishika zamu miaka 12 tu, na yeye bado yuko zamu.