Kamanda na Kuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu Chanika alikuja na begi moja, msala wake na kuku 14 kwenye tenga. Mwezi haujaisha, wakabaki 11. Wawili walichukuliwa usiku na kicheche aliyefukua chini ya waya wa banda, na wa tatu hatukuona hata unyoya. Vifaranga ndio usiseme. Mwewe anachukua wake, kunguru wanachukua wao. Kunguru hawa wenye shingo za kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, na kwa hesabu yao kifaranga naye ni taka.

Nikasema tununue mbwa. Mke wangu akanikata jicho, kisha akatazama mlango wa chumba cha mama. Mama alikuwa ameshasikia.

"Mbwa wa kulinda mifugo karuhusiwa, baba Zuhura," alisema kutoka ndani. "Wa pambo, hapana. Akilinda atakaa. Asipolinda, arudi alikotoka. Na vyombo vyangu asivisogelee."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana sasa mbwa alikuwa na masharti ya ajira. Mpwa wangu alikesha na simu. Akanisimulia habari za mji wa Warrnambool, Australia, ambako mbweha walikuwa wakivuka maji yakipwa hadi kisiwani na kuwamaliza pengwini wadogo. Mwaka 2005 walikuwa hawafiki hata 10. Mwaka uliofuata wakapelekwa mbwa aina ya Maremma, weupe, asili yao Italia, na pengwini wakaanza kuongezeka. Wazo lilitoka kwa mfugaji wa huko huko aliyekuwa akiwatumia mbwa hao kulinda kuku wake. Kuku! Nikaona tumefika. Ila Maremma utampata wapi Chanika, na manyoya yale ataishije na joto la Februari?

Nikaenda kwa muuzaji, nikarudi na Jamani Shepadi wa miezi saba kwa shilingi 200,000. Muuzaji alinipa hoja moja tu: shepadi maana yake mchungaji, jina lenyewe linasema. Tukamwita Kamanda.

Jumamosi asubuhi nikafungua banda, nikamwachia. Nisiwe mnafiki, ilikuwa raha kutazama. Alishusha tumbo karibu na ardhi, akazunguka kwa nusu duara, hakubweka hata mara moja. Kuku aliyekwenda kushoto alirudishwa, aliyekwenda kulia alirudishwa, mpaka wote 11 wakawa kwenye kona ya ukuta na simtanki. Nikapiga makofi. Kuku wakaanza kupandana, wa chini hawaonekani, na Kamanda kila akiona bawa linachomoka anasogea hatua moja. Nilipomkamata ukanda wa shingo na kumvuta, lile rundo likatawanyika. Watatu hawakuinuka. Hapakuwa na alama ya jino wala tone la damu. Walikosa pumzi.

Hata supu haikuwezekana, kwa kuwa hawakuchinjwa. Nilichimba shimo chini ya mwembe huku mama amesimama na ndoo yake.

"Kicheche alichukua wawili mwezi mzima," alisema. "Huyu watatu kabla ya chai."

Aliyenifumbua macho ni bwana mifugo, alipokuja kumchoma Kamanda chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuchunga na kulinda, alisema, ni kazi mbili tofauti. Mbwa wa kuchunga anawinda, ila uwindaji wake umekatizwa kabla ya kung'ata; kitu kikikimbia naye yumo nyuma, na kuku kazi yake ni kukimbia. Mbwa wa kulinda mifugo hakimbizi. Analala katikati yao, na anawekwa nao tangu akiwa na wiki nane hivi, akue akijua hao ndio jamaa zake. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa wa namna hiyo, asili yao Uturuki, tangu 1994, ili wabaki na mbuzi na duma asipigwe risasi. Mimi niliuliza bei na mbegu. Alikolelewa, na alilelewa na nani, sikuuliza.

Kamanda hakurudishwa. Mama alikubali masharti mapya: mchana anafungwa nyuma ya nyumba, na jioni banda likishatiwa komeo ndipo anafunguliwa. Kicheche hajaonekana tena, na kuku bado ni wanane. Mayai ya tetea anayetagia nje, nyuma ya kuni, ndiyo hayaonekani. Juzi alfajiri nilimkuta Kamanda na kipande cha ganda kwenye masharubu, nikamfuta kwa gunia kabla mama hajatoa salamu.