Feza Hairudi, Utarudi Weye

Sisi watu wa Kamina ni watu wa reli. Bahari hatuna, na mto mkubwa uko mbali nasi. Tulicho nacho ni gare, yaani stesheni. Reli inayotoka Lubumbashi ikifika kwetu hugawanyika: mkono mmoja unakwenda Ilebo, kazi iliyomalizika mwaka 1928, na mwingine unakwenda Kabalo, uliokamilika 1956. Kwa hiyo vituko vya treni tunavijua tangu utotoni. Tunajua kwamba saa ya kuondoka iliyoandikwa ubaoni ni maoni binafsi ya aliyeiandika. Lakini mweke mtu wa Kamina ndani ya chombo cha majini, utaona anavyogeuka mgeni, na mgeni ni kipofu hata awe na macho manne.

Upofu wangu ulianzia Bukama. Hapo ndipo mto Lualaba unapoanza kupitika, na zamani za Wabelgiji meli zilichukua abiria hapo zikawateremsha hadi Kongolo. Siku hizi wenye mto ni balenyeri, mashua ndefu za mbao zenye injini ya mazutu, yaani dizeli. Viti hakuna. Kila abiria hukalia alichokikuta, na madaraja yanajulikana bila kuandikwa: gunia la mahindi ni daraja la kwanza, gunia la samaki wakavu ni la pili, pipa la mazutu ni la wale waliochelewa kufika.

Nilikuwa nakwenda Kinkondja kwa shauri la posa ya mdogo wangu. Jioni tukaingia sehemu za ziwa Kisale, penye visiwa vya mafunjo vinavyoelea na wavuvi wamejenga vibanda juu yake, moshi wa jikoni unatoka katikati ya maji. Upepo mwanana. Mama mmoja akanigawia samaki wa kuchoma na tonge la bukari, ugali wetu. Nilikuwa bado nalamba vidole kapita, msimamizi wa chombo, alipokuja na daftari lake.

“Papa, mwezi wa kumi na mbili batu banakuwa bengi sana. Ulipe nusu leo, tukuchungie nafasi chini ya bashi, karibu na pilote. Na gunia mbili unapakia bure.” Bashi ni turubai la kivuli.

Waliowahi kupanda meli kubwa za anasa wataitambua biashara hii. Royal Caribbean wana meza yao humo humo melini, wanaiita NextCruise. Norwegian Cruise Line wana yao, CruiseNext. Kazi ya meza hizo ni kumwuzia abiria safari ijayo kabla hajashuka kwenye hii ya sasa. Anapewa kitakrima kidogo, naye anatoa arubuni. Arubuni nyingine hurudishwa, nyingine hugeuzwa cheti cha safari nyingine, nyingine hupotea mteja akibadili nia, na yote hayo yameandikwa kwenye karatasi ambayo abiria huisoma akishafika kwake. Wenye meli hawakuchagua mahali hapo kwa bahati. Mtu aliyeshiba, upepo unampiga usoni, hana adui duniani wala hakumbuki ada ya shule.

Nikatoa noti ya dola kumi. Kapita aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa jua linalotua, akapapasa kingo zake zote nne akitafuta mpasuko, maana kwetu dola iliyochanika hata upana wa ukucha haina nchi. Akaridhika. Kisha akachana karatasi ya daftari la shule, akaandika jina langu kwa makosa mawili, akaandika sentensi moja chini yake, akagonga muhuri barabara juu ya sentensi hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yangu daftari ilikuwa nalo, ila muhuri ulikaa juu ya habari.

Posa ikaenda vizuri kupita kiasi. Wakwe walifurahi hata wakaamua sherehe ya mwisho wa mwaka waje kuifanyia Kamina, wao wenyewe, na mbuzi wao, kwa treni. Safari yangu ya Desemba ikakosa sababu. Shughuli nyingine iliponifikisha tena Bukama, nikapita kuulizia dola zangu. Kapita akanipokea kwa heshima kubwa, akaniletea kiti, kitu ambacho ndani ya chombo chake sikupata kukiona. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega.

“Papa, feza hairudiake. Ni weye utarudia.”

Nyumbani nikamweleza mpwa wangu, anayesoma sheria. Macho yakamng'aa kama ya fundi aliyeletewa redio mbovu. “Mjomba, tulia. Mikataba katika nchi hii inaongozwa na amri ya tarehe 30 Julai 1888.” Nikashangaa: sheria hiyo iliitangulia treni ya kwanza Bukama kwa miaka 30, maana reli ilifika huko mwaka 1918. Mpwa akaendelea. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa waliofungana. Tena katika sheria za kiraia za Wabelgiji, ambao ndio waliotuachia hizi zetu, ahadi ya kuuza ikifungwa kwa arubuni, mnunuzi akijitoa anaipoteza, na muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Ni kweli kwamba kupakia abiria si kuuza, lakini kijana yuko mwaka wa pili, na mwaka wa pili sheria huvutika bila kukatika.

“Shida, mjomba, ni kwamba aliyejitoa ni wewe.”

Hapo ndipo Mungu alipotukumbuka. Habari zikaja kwamba mfanyabiashara mmoja wa mahindi amekwisha kukodi balenyeri ile nzima kwa juma lile lile la Desemba. Nafasi yangu ya chini ya bashi ilikuwa imeuzwa pamoja na bashi lenyewe! Basi aliyejitoa alikuwa kapita. Mara mbili! Usiku huo dola ishirini nilizitumia kichwani zikaisha, nikaanza kukopa.

Tukashuka Bukama mimi na mwanasheria wangu. Chini ya mwembe, abiria wakiwa wametuzunguka, mpwa akasoma barua yake na vifungu vyake. Akaongeza kwamba Ulaya kuna kanuni namba 1177 ya mwaka 2010, safari ya chombo cha majini ikifutwa, abiria akitaka nauli yake arudishiwe ndani ya siku 7. Kapita akauliza kwa upole Ulaya iko upande gani wa Ankoro, mji ulio chini zaidi kwenye mto huo huo. Kisha akainamisha kichwa, akafikiri, akasema, “Eyo vidye. Sheria ni sheria. Mara mbili.” Akafungua daftari, akachana karatasi mbili, akazigonga mihuri, akanikabidhi. Nafasi mbili, safari ya Pasaka.

Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa. Mwaka 2020, korona iliposimamisha meli za anasa, kampuni kubwa kadhaa ziliwabembeleza wateja waache fedha zao wachukue cheti cha safari ijayo chenye thamani ya asilimia 125. Kapita wa Bukama, ambaye Miami, bandari ya meli hizo, hajaisikia, alitoa asilimia 200 papo hapo. Tofauti ni kwamba wale waliruhusu mtu achague fedha.

Nafasi zenyewe sasa hazina mwenyewe. Mke wangu amesema majini haendi. Jirani alitaka kuzinunua, akasoma jina lililoandikwa, akaniambia nimwite mwenye risiti waongee. Mpwa anaona hapo pana kesi nzuri sana ya jina, na ameomba nauli ya kwenda kuifuatilia.

Basi ndugu msomaji, ukiombwa arubuni ukiwa ndani ya chombo, iwe meli ya ghorofa kumi au mashua ya mbao, uliza mambo manne kabla ya kufungua mfuko. Nikijitoa mimi, inakuwaje? Ukijitoa wewe, inakuwaje? Kinachorudi ni fedha au ni safari? Na nitakudai wapi, chombo kikiwa majini? Majibu yaandikwe mbali na muhuri. Asipojibu hata moja, mshukuru, rudisha noti mfukoni, ukalipe siku ya safari. Huenda ukaangukia pipa la mazutu, lakini utalikalia na pesa yako.