Printa ya Shemeji

Nafundisha usalama wa mitandao kwa wanafunzi wa masafa, wengi wao sijawahi kuwatia machoni. Somo lenyewe linataka mtu ajue kuvunja ili ajue kuziba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani na anayefanyia mazoezi kwenye kompyuta ya jirani. Ndiyo maana tunatumia kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima inayoishi kama programu ndani ya laptopu. Unawasha mbili: Kali Linux ndiye mshambuliaji, na Metasploitable, iliyotengenezwa makusudi ikiwa imejaa matundu, ndiye mshambuliwa. Zinapigana humo humo ndani, jirani analala usingizi wake.

Shida huanza kabla ya vita. Faili la Kali peke yake ni GB kama 3, na bando la mwanafunzi ni la WhatsApp. Kwa hiyo tunatuma flashi kwa basi. Ndiyo, mwalimu yule yule anayehubiri usichomeke flashi usiyoijua ilikotoka, anamkabidhi konda bahasha ya kaki iliyojaa flashi! Ili kuondoa shaka huwatumia alama ya SHA-256, walinganishe kama faili halikuchezewa njiani. Ni herufi na tarakimu 64. Kijana wa Kigoma hakuyaamini macho yake, akanipigia anisomee moja moja: “F ya Fatuma, mwalimu. Tatu. A ya Asha...” Salio likakata kabla hatujafika nusu.

Laptopu zenyewe nyingi zina RAM ya GB 4. Windows inajipakulia kwanza, ukoko ndio unagawanywa. Mama mmoja wa Tunduma hufanya mazoezi huku mwanawe akiipepea laptopu kwa mfuniko wa ndoo.

Niliwaandikia pia kwamba kabla ya kushambulia wapige picha ya mashine, ili ikiharibika wairudishe ilivyokuwa. Bwana mmoja akanitumia picha yake, suti nyeusi, mkono juu ya laptopu, nyuma pazia la maua.

Lakini kiboko yao ni kijana wa Iringa, anayesaidia duka la steshenari la shemeji yake. Maelekezo yalisema mashine zionane zenyewe kwa zenyewe tu. Yeye akaziunganisha na wifi ya dukani, kisha akaiamuru programu ya Nmap igonge kila mlango wa mtandao na kuhoji aliyemo. Nmap ikiwa kwenye kuhoji huuruka mlango namba 9100, kwa sababu ndio wa printa, na printa haijui kuhojiwa: ikiambiwa lolote, inachapisha. Kijana aliiondoa tahadhari hiyo, eti kazi isionekane nusu nusu. Printa ikaanza kutapika karatasi za maandishi yasiyosomeka, mbele ya wateja waliokuja kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Shemeji alichomoa waya, akampigia simu mchungaji.

Mimi nilimpa alama za juu. Ndani ya jioni moja alikuwa amegundua kifaa cha dukani kinachomtii mgeni yeyote aliyepata wifi. Shemeji hajakubaliana na usahihishaji wangu mpaka leo.

Ukitaka kujiunga muhula ujao, karibu sana. Njoo na laptopu ya GB 8, hakikisha BIOS yake inaruhusu kompyuta pepe, na kama unaishi kwa shemeji, zima printa kwanza.