Kila Kitu Freshi

Aliyetuletea neno "freshi" hapa Kigoma namwomba alichukue arudi nalo alikotoka, hata kwa behewa la mizigo. Limetuharibia soko.

Zamani samaki alikuwa mbichi, mkavu, au ameoza. Basi. Siku hizi nenda mwalo wa Kibirizi, umkute mgebuka kalala kwenye beseni, macho yamezama, mashavu yamepauka. Uliza, "Huyu wa lini?" Utajibiwa, "Freshi huyo, mzee." Jamani, nimeuliza siku, sikuuliza hali yake!

Ujanja uko hapo hapo. Kwa vijana wetu "freshi" ni jibu la salamu, ni "sawa", ni "usijali", na ni "niache nipite". Kwa hiyo muuzaji hajadanganya: mgebuka hana malalamiko yoyote.

Juzi nikauziwa dagaa "freshi wa usiku wa kuamkia leo". Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu, ungeweza kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto yeyote wa Ujiji anajua dagaa hufuata taa za wavuvi gizani. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti kitu, wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Nikamkumbusha mwenye ndoo habari za mwezi. Akatazama juu, jua la saa nne limewaka, akaniuliza kwa upole, "Mwezi gani, mzee?"

Waingereza wenyewe hawana nafuu. Kwao ziwa letu lote ni freshi, kisa halina chumvi. Sisi tunayaita maji baridi, na ukioga Ujiji saa nane mchana huioni hiyo baridi. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na maji ya huko chini hayana oksijeni. Samaki hawezi kuishi humo, na yamejikalia kwenye giza miaka na miaka bila kupanda juu. Hayo nayo, kwa Mwingereza, freshi! Naomba wauza samaki wasiisikie hii.

Mpangaji wangu wa chumba cha uani nikimwuliza kodi: "Freshi, mzee." Nikimwuliza kitasa alichovunja: "Freshi tu."

Jana nikamwambia mke wangu kuwa samaki huyu ananuka. Akamkamulia ndimu, akaongeza mawese, akafunika sufuria. "Subiri kidogo, baba," akasema, "atakuwa freshi."