Mgeni Katika Mji Usio na Konda

Mwanafunzi wa mabadilishano, kwa maana inayotumika hapa, ni yule aliyeandikishwa katika chuo kikuu cha kwao, akapelekwa kusoma muhula mmoja au miwili katika chuo cha nchi nyingine kwa makubaliano ya vyuo hivyo viwili, kisha akatarajiwa kurudi nyumbani akiwa na alama zinazotambulika na, ikiwezekana, akili zake zote. Maandishi ya vyuo juu ya utaratibu huu huzungumzia sana viza, bima na uhamishaji wa alama, lakini hunyamazia siku za mwanzo, ambazo ndizo zinazomfundisha mgeni hasa, kwa kuwa katika siku hizo huaibika mara nyingi kuliko anavyokula. Makala haya yanazichunguza siku hizo kwa kumfuata mwanafunzi wa Kitanzania anayefika Berlin mwanzoni mwa Oktoba, mwezi ambao muhula wa baridi huanza rasmi katika vyuo vikuu vya Ujerumani, na yanashikilia kwamba masaibu yake mengi hayaletwi na lugha wala baridi, kama inavyodhaniwa nyumbani, bali na jambo moja tu, nalo ni kwamba Berlin haina konda.

Konda ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala akipokea nauli, akitangaza vituo na kugombana na dereva kwa wakati mmoja, na ambaye, pamoja na kelele zake zote, hubeba kichwani elimu yote anayoihitaji msafiri: nauli ni kiasi gani, gari linazungukia wapi leo kwa sababu barabara imefungwa, na mama mwenye ndoo ashushwe wapi ili asitembee sana. Abiria hana haja ya kujua chochote isipokuwa jina la mahali aendako, na hata hilo likimpotea, watu wa siti ya nyuma watamkumbusha. Maana ya konda ikipanuliwa kidogo, mtu ataona kwamba Dar es Salaam nzima imejaa makonda, kuanzia muuza duka la pembeni na mjumbe wa shina hadi mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye hujua umeme wa LUKU umebaki kiasi gani kabla ya taa kuzimika. Elimu ya mji imo vinywani mwa watu, na mgeni huipata kwa kuuliza. Berlin imeiweka elimu hiyo hiyo kwenye vibao, karatasi na mashine, kisha ikaamini kwamba kila mtu amekwisha kuisoma.

Ushahidi wa kwanza hupatikana katika U-Bahn, yaani treni ya mjini ambayo sehemu kubwa ya njia yake iko chini ya ardhi, na ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1902. Treni hii haina mageti; mtu hushuka ngazi kutoka barabarani, akaingia behewani na kuketi, bila yeyote kumwuliza kitu. Mwanafunzi, ambaye amelelewa vizuri na hataki deni, hununua tiketi kwenye mashine, akaikunja kwa uangalifu na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti pamoja na pasipoti, kama alivyozoea kuhifadhi tiketi ya basi la mkoani. Asilolijua ni kwamba tiketi hiyo bado haijaanza kuishi. Huanza kuishi inapotumbukizwa katika kisanduku kilichosimama jukwaani, kikaigonga muhuri wa saa na kituo, na ambayo haikugongwa ni sawa na tiketi isiyokuwapo. Hapo ndipo kijana aliyevaa koti la kofia na raba, ambaye mwanafunzi alikwisha kumsogezea nafasi kwa adabu, husubiri milango ifungwe, akatoa kitambulisho na kujitambulisha kuwa mkaguzi. Faini ni euro 60. Maelezo ya mwanafunzi kwamba amelipa, na kwamba tiketi hii hapa, mpya kabisa, haina hata alama, huthibitisha kosa badala ya kulifuta, kwa sababu upya wa tiketi ndio kosa lenyewe. Mtu anaweza kusema kwamba Berlin nayo ina konda, ila amefichwa, naye huzungumza baada ya safari kuharibika.

Baada ya usafiri huja uandikishaji. Sheria ya nchi nzima iliyoanza kutumika Novemba 2015 humtaka kila anayehamia katika makazi kwenda kujiandikisha ndani ya wiki mbili, akiwa na barua ya mwenye nyumba, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyewahi kumfuata mwenyekiti wa serikali ya mtaa kutafuta barua ya utambulisho. Mshangao ni kwamba ofisi haifuatwi bali huombwa miadi kwa intaneti, na kalenda ya miadi, katika jiji ambalo wakazi wake wanakaribia milioni nne, mara nyingi imekuwa haina nafasi kabla ya hizo wiki mbili kwisha. Sheria na kalenda zimetengenezwa na watu wasiosalimiana. Wenyeji humshauri mgeni aamke mapema na kuufungua ukurasa tena na tena, kwani siku hiyo huenda mtu fulani ameiachia nafasi yake, na kwa kuwa mkazi anaruhusiwa kwenda katika ofisi ya wilaya yoyote kati ya wilaya 12 za Berlin, mwanafunzi anayeishi Neukölln hujikuta akivuka jiji zima hadi Spandau kwenda kutangaza kwamba anaishi Neukölln.

Ugeni wa Waswahili katika jiji hili si wa juzi. Berlin ilikuwa na taasisi ya kufundisha lugha za Mashariki tangu mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 mmoja wa walimu wake wa Kiswahili alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, ambaye aliandika kwa Kiswahili habari za safari na maisha yake humo. Kisha mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903. Hao walikuja wakati Ujerumani ilikuwa mtawala wa Tanganyika, na mizigo yao ilikuwa mizito kuliko ya mwanafunzi wa leo. Hata hivyo ni haki kusema kwamba hakuna kati yao aliyepata kutafuta miadi kwa intaneti saa kumi na moja alfajiri.

Mwanafunzi akishaandikishwa, huanza kupokea barua, au tuseme barua huanza kutumwa. Anwani za majengo mengi ya Berlin hazitaji namba ya chumba wala ya ghorofa. Mtu wa posta huitafuta familia kwa jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua, na asipoliona huirudisha barua ilikotoka. Mtanzania ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu, na la kwake ndilo analoitwa na watu, kwa hiyo hulibandika hilo sandukuni kwa herufi kubwa na kusubiri. Barua zinazokuja zimeandikiwa jina la mwisho katika pasipoti, yaani zimeandikiwa babu, na kwa kuwa babu hakai katika jengo lile, hurudi. Mkanganyiko huo huo humfuata hadi hospitali ndogo ya mtaani, ambako muuguzi hutoka mlangoni akaita jina la mzee aliyezikwa kijijini miaka mingi iliyopita, na mwanafunzi, badala ya kuinuka, hutazama huku na huku kwa heshima akitaka kujua ni ndugu gani mwingine wa ukoo wake anayetibiwa Berlin. Jina likishabadilishwa sandukuni, barua ya mwanzo kufika salama mara nyingi ni ile inayodai ada ya utangazaji wa redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi, ambayo tangu mwaka 2013 hutozwa kila makazi, yawe na televisheni au yasiwe nayo. Mwanafunzi, ambaye bado hana hata kijiko, huisoma mara mbili.

Kuhusu saa, inatosha kutaja kwamba mgeni huonywa kabla ya safari kuwa Wajerumani hawacheleweshi jambo, hivyo hufika darasani saa nne kamili kama ratiba inavyosema, akakuta chumba kitupu, akangoja dakika kumi, akaamua kwamba kipindi kimefutwa na kuondoka, akipishana ngazini na profesa. Herufi mbili ndogo, c.t., zilizoandikwa mbele ya saa, ni ufupisho wa Kilatini unaomaanisha kwamba kipindi huanza robo saa baadaye, kwa desturi ya vyuo iliyodumu vizazi na vizazi. Kwa maneno mengine, uchelewaji upo, ila umepewa muhuri. Kabla hajalizoea hilo, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja usiku wa manane, jambo ambalo mtu aliyekulia karibu na Ikweta hulichukulia kuwa utani hadi afike kanisani peke yake.

Somo la chupa linastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndilo pekee ambalo mwanafunzi huingia nalo akijiamini. Nani asiyejua pesa ya chupa? Mtoto wa Kitanzania ametumwa dukani na chupa tupu ya soda tangu akiwa na miaka mitano. Nchini Ujerumani, tangu Januari 2003, makopo na chupa nyingi za plastiki za kutumiwa mara moja hubeba pesa ya chupa, ambayo sasa ni senti 25, na chupa ya kawaida ya bia, ambayo huoshwa na kujazwa tena, hubeba senti 8, yote yakirudishwa na mashine iliyowekwa ukutani mwa duka kubwa. Mwanafunzi hukusanya kwa bidii chupa za wiki nzima, akazikanyaga moja moja ili zienee vizuri mfukoni, na juu yake akaongeza chupa mbili za mvinyo alizoachiwa na mpangaji aliyetangulia na moja ya mafuta ya kupikia. Mashine huzungusha chupa ya kwanza ikitafuta alama ya mistari, haioni kitu katika yale makunyanzi, na kuitema. Huitema ya pili. Zile za mvinyo, ambazo hazina pesa ya chupa, huzitema kwa sauti tofauti kidogo, yenye dharau, ingawa huenda hilo ni wazo la msikilizaji tu. Nyuma yake watu sita wenye mifuko ya bluu husubiri kimya, ukimya ambao konda yeyote angeuvunja kwa neno moja. Chupa moja iliyonusurika kukanyagwa hukubaliwa, na mwanafunzi husimama akisubiri sarafu idondoke, asijue kwamba karatasi iliyotoka pembeni ndiyo fedha, nayo hulipwa na keshia wa duka.

Chupa zilizokataliwa humfikisha kwenye mapipa. Uani mwa jengo kuna pipa la karatasi, pipa la vifungashio, pipa la mabaki ya chakula, pipa la vioo vyeupe, pipa la vioo vya rangi, na pipa jeusi la kila kilichokosa kwao. Kikopo cha mtindi huenda kwenye vifungashio, lakini baada ya kifuniko chake cha bati kubanduliwa kabisa, kwa kuwa mitambo ya kuchambua taka haiwezi kuvitenganisha. Mgeni anayekosea haambiwi. Asubuhi hukuta karatasi imebandikwa kwa gundi ukutani mwa ngazi, ikiwahutubia wakazi wapendwa wote, bila kumtaja mtu na bila sahihi, ikieleza kuhusu kikopo cha mtindi kilichoonekana na kifuniko chake, ikiwa na alama za mshangao tatu.

Mambo yote haya hukutana Jumapili. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 ilihifadhi kipengele cha katiba ya mwaka 1919 kinachoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko, na kwa hiyo maduka hufungwa, isipokuwa katika vituo vikubwa vya reli, vituo vya mafuta na baadhi ya vijiduka ambavyo watu wa Berlin huviita Späti. Hata kutupa chupa katika pipa la vioo hakuruhusiwi siku hiyo, kwa ajili ya kelele. Mwanafunzi aliyesahau kununua chakula Jumamosi hunywa chai ya rangi, kisha, apate angalau jambo la kufanya, hushuka uani na mfuko wa taka akiwa amevaa msuli na ndala. Milango mingi ya vyumba vya Berlin haina mkono wa kuzungusha kwa nje. Upepo wa ngazini huusukuma mlango kwa upole, kitasa hulia tik, na ufunguo, simu na koti hubaki ndani. Fundi wa kufuli wa Jumapili hutoza fedha ambazo zingetosha faini kadhaa za treni, na zaidi ya hayo hakuna simu ya kumwitia.

Basi hugonga mlango wa jirani, jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kabisa kama angekuwa kwao. Hutoka bibi wa makamo, akautazama msuli, akazitazama ndala, akarudi ndani bila neno na kutoka na mkasi na chupa ya plastiki. Huikata ubavu chupa hiyo apate kipande chembamba kinachopindika, akakipenyeza kati ya mlango na fremu, akakishusha taratibu huku akiusukuma mlango kwa goti, na kwa kuwa kitasa hakikuwa kimezungushwa ufunguo, mlango hufunguka. Mwanafunzi hushukuru kwa maneno yote ya Kijerumani aliyonayo. Kesho yake karatasi mpya hubandikwa ngazini, isiyo na jina wala sahihi, ikiwakumbusha wakazi wapendwa wote kuchukua ufunguo wanaposhusha taka, na kwamba atakayehitaji kufunguliwa mlango siku za usoni aje na chupa yake mwenyewe, isiyo na senti 25.