Muulize Bi. Mizania: Posa Tatu, Saini Moja

Safu hii huwajibu vijana na wazazi wanaosumbuliwa na fedha, ajira na ndugu wanaokopa. Majina ya walioandika yamefichwa. Madeni yao hayafichiki.

Barua ya kwanza

Shikamoo Bi. Mizania. Niko Mwaka wa 12 huku Blacktown, magharibi ya Sydney, na mitihani ya kumaliza sekondari, HSC, ni Oktoba. Nina ofa tatu za uhasibu. Ya kwanza ni ukadeti katika kampuni kubwa ya ukaguzi jijini: niajiriwe mara nikimaliza shule, nifanye kazi mchana, shahada niisome pole pole. Ya pili ni ukadeti kama huo katika ofisi ndogo ya kodi kule Parramatta. Mshahara wao ni mkubwa zaidi na wameahidi kunilipia ada ya chuo. Ya tatu si kazi, ni ufadhili wa chuo kikuu: nisome kutwa na nipelekwe kwenye makampuni kwa vipindi. Baba anataka jina kubwa ili apate la kusema kanisani. Mama anataka mshahara. Kampuni ya jijini inataka saini yangu kabla ya Ijumaa. Nichague ipi?
*Mwenye Bahati Inayomnyima Usingizi*

Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwenu kila mtu ana kipimo chake. Baba anapima jina, mama anapima mshahara, na kampuni ya jijini inapima saa zako, tena ina hakika kwamba hakuna mwingine anayezipima. Ofa ya ukadeti ni kama posa. Siku ya posa ukoo mzima huuliza mahari ni kiasi gani. Hakuna anayeuliza talaka itagharimu nini, maana swali hilo ni uchuro. Basi mimi nitakuwa mchuro wenu. Ofa ya kazi kwa mtu wa miaka 17 ipimwe kwanza kwa gharama ya kuiacha, na kwa kile atakachoondoka nacho mkononi siku atakapoiacha. Shahada ya miaka mitatu ikisomwa kwa nusu mzigo huchukua mitano hadi sita. Unaombwa uahidi muda huo wote leo, wakati ambao unaujua uhasibu kwa uchache kuliko utakavyoujua siku nyingine yoyote ya maisha yako. Huenda ukaupenda. Huenda pia ukagundua mwaka wa pili kwamba ulichokuwa unakipenda ni hisabati, na kwamba hisabati na kukagua risiti za mafuta ya gari ni vitu viwili mbalimbali. Kugundua hivyo si ukigeugeu. Lakini bei ya kugundua hutofautiana sana kati ya mkataba na mkataba, na bei hiyo haiandikwi kwenye barua ya pongezi.

Tuanze na jina, kwa heshima zote kwa baba. Jina kubwa lina faida: hufungua milango, na kampuni kubwa huwa na mafunzo yaliyopangwa. Ila jina si mali yako, na linaweza kubadilika ukiwa ndani. Arthur Andersen ilikuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani mpaka kashfa ya hesabu za kampuni ya Enron ilipoisambaratisha mwaka 2002; ofisi zake za Australia zikaingia Ernst & Young, na waliosaini kwa jina moja wakaamka chini ya jingine. Hapo hapo kwenu, mwaka 2023, kampuni nyingine kubwa, PwC Australia, ilijikuta kwenye kashfa ya siri za serikali kuhusu kodi, ikauza kitengo chake cha ushauri kwa serikali kwa dola moja, na kitengo hicho kikaitwa Scyne. Sisemi kampuni kubwa ni mbaya. Nasema kinachobaki chako jina likitikisika ni masomo uliyofaulu na uzoefu uliothibitishwa kwa maandishi. Kwa hiyo ofa yenye jina kubwa inayokuacha na nusu ya shahada ni hafifu kuliko ofa ya jina dogo inayokuacha na shahada nzima.

Hapo ndipo kalenda inapoingia, na kalenda haijali jina. Mwaka wa fedha wa Australia hufungwa Juni 30. Kampuni za soko la hisa zinazofunga hesabu siku hiyo zina miezi miwili ya kutangaza matokeo ya awali na mitatu ya kuwasilisha hesabu zilizokaguliwa, ndiyo maana Julai hadi Septemba wakaguzi hulia chakula cha jioni ofisini. Muhula wa pili wa vyuo vingi huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Hii maana yake ni kwamba msimu mkali wa kazi na msimu mkali wa masomo hupigana kila mwaka, na anayeumia ni kadeti. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 imeweka wiki ya saa 38, kisha ikaruhusu saa za ziada zikiwa za kiasi. Na kiasi hicho, Agosti saa tatu usiku, hukadiriwa na bosi wako. Somo ulilofeli huongeza miezi kwenye mkataba na kuifanya siku ya kuondoka iwe ghali zaidi. Basi usiulize tu wanalipa ngapi. Uliza ni siku ngapi za masomo zilizoandikwa kwenye mkataba, na kama siku hizo zinasimama Agosti.

Barua ya pili

Bi. Mizania, mimi ndiye baba mtu. Nimesoma majibu yako na nimesikitika. Sisi tumetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukafika hapa kwa viza ya kibinadamu. Tunajua fedha ni nini. Binti yangu anaweza kuanza kulipwa Februari, na nimeshawajulisha ndugu zake wa Uvira. Hata ile ofisi ndogo ya Parramatta inalipa ada, zaidi ya dola 50,000 za bure, nawe unamsimulia talaka! Mtu anayefikiria kutoka kabla hajaingia ni msaliti.
*Mzazi Aliyeudhika*

Mzee wangu, pole kwanza kwa ajili ya ndugu wa Uvira, ambao bila shaka wameshaugawa mshahara wa Februari. Hoja yako ya fedha ni nzito na siidharau. Familia inayosaidia watu sehemu mbili za dunia haiwezi kuambiwa isubiri shahada miaka mitatu kwa tabasamu. Lakini tuchambue hizo 50,000. Hesabu yako ni sahihi: mwaka 2025 mchango wa mwanafunzi kwa masomo ya uhasibu ulikuwa karibu dola 17,000 kwa mwaka, na miaka mitatu inafika hapo. Neno nisilokubali ni bure. Kwa kuwa mlifika kwa viza ya kudumu ya kibinadamu, binti yako ana haki ya mkopo wa serikali wa HECS-HELP. Mkopo huo hauna riba ya benki, ila huongezwa kila Juni. Zamani kilichofuatwa ni kupanda kwa gharama za maisha peke yake. Mwaka 2023 uliongezwa kwa asilimia 7.1 na watu wakapiga kelele, mpaka serikali ikarekebisha ili kifuatwe kilicho kidogo kati ya kupanda kwa gharama za maisha na kupanda kwa mishahara, na ile 7.1 ikarudishwa nyuma hadi 3.2. Mwaka 2025 madeni yote ya aina hiyo yakapunguzwa kwa asilimia 20, na kiwango cha kipato kinachomlazimu mtu aanze kulipa kikapandishwa hadi dola 67,000 kwa mwaka. Binti yako akifukuzwa kazi, akiumwa, akijifungua, deni hilo hunyamaza mpaka kipato kirudi.

Sasa soma ahadi ya Parramatta kwa makini hayo hayo. Ikiwa kuna kifungu kinachosema ada irudishwe endapo kadeti ataondoka kabla ya muda fulani, basi hamkupewa zawadi, mmebadilishana deni. Deni la serikali hufuata kipato, deni la mwajiri hufuata mlango: linadaiwa siku ile ile mshahara unapokatika. Uliza pia fedha hiyo inakuja kwa njia gani. Ikilipwa kama bonasi, inakatwa kodi ya mapato kama mshahara, na dola 17,000 za kwenye barua hazitakuwa 17,000 kwenye akaunti. Haya yote hayaifanyi ofa kuwa mbaya. Kifungu kinachopungua kila mwaka, yaani anayekaa miaka miwili anarudisha kidogo na anayekaa mitatu harudishi kitu, ni kifungu cha haki. Kinachodai kila senti mpaka siku ya mwisho ni mkopo uliovishwa nguo ya zawadi.

Tena angalia jinsi ofa moja inavyobadilika bei kwa kubadilisha nyumba. Jirani yenu aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam akapata ukaazi wa kudumu kwa viza ya ujuzi hana haki ya mkopo huo mpaka awe raia. Mwanawe naye hupata ada iliyopunguzwa na ruzuku ya serikali, kama binti yako, lakini huilipa taslimu muhula kwa muhula. Kwa mtoto huyo ahadi ya kulipiwa ada inaweza kuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma, na kifungu kikali kinaweza kuvumilika. Kwa binti yako hakivumiliki kwa urahisi huo, kwa sababu ana njia nyingine. Ndiyo maana mashauri ya jirani kuhusu ofa, hata yakitolewa kwa moyo safi, mara nyingi ni hesabu sahihi ya nyumba nyingine.

Kuhusu usaliti: mkataba wa kampuni una kifungu cha notisi, maana yake mwajiri alifikiria kuachana kabla ya binti yako, na hakuna aliyemwita msaliti. Na wewe mwenyewe umo ndani ya jambo hili. Sheria ile ya 2009 inasema kifungu cha kumkata mshahara mfanyakazi aliye chini ya miaka 18 hakina nguvu kama mzazi au mlezi hakukikubali kwa maandishi. Ukiletewa karatasi ya pili uambiwe ni utaratibu tu, saini yako ndiyo inayokipa kifungu hicho meno. Isome mzee, hata kama kanisani wanangoja tangazo.

Barua ya tatu

Bi. Mizania, mimi ni kadeti wa mwaka wa pili huku Dandenong, Melbourne. Unawatisha watoto. Nikifika miaka 22 nitakuwa na miaka minne ya kazi, wakati wenzangu wa chuo watakuwa wanatafuta kazi ya kwanza. Isitoshe, akili bandia inakula kazi za wahasibu wachanga. Atakayengoja atakuta mlango umefungwa. Anayeingia mapema ndiye anayepona.
*Nimeshaingia na Siumii*

Hongera, na barua yako ndiyo hoja nzuri kuliko zote zilizokuja kunipinga. Ni kweli kwamba ukadeti mzuri hushinda darasa kwa mambo mengi: mteja aliyekasirika hafundishwi kwa slaidi. Ni kweli pia kwamba vyama viwili vikubwa vya taaluma huko, CPA Australia na Chartered Accountants Australia and New Zealand, havimpi mtu uanachama kamili kwa shahada na mitihani pekee. Vinadai miaka mitatu ya kazi chini ya uangalizi. Kwa hiyo saa zako zina thamani halisi, nami sizipingi. Ninachouliza ni kama zinahesabika. Nani ameandikwa kuwa msimamizi wako? Miezi uliyokwisha kufanya inakubaliwa kuanzia lini? Ukihamia ofisi nyingine kesho, utahama nayo au utaanza upya? Miaka minne iliyothibitishwa ni mali. Miaka minne ambayo ni bosi wako tu anayeijua ni hisani, na anaweza kuinyima. Kama una majibu hayo kwa maandishi, gharama yako ya kuondoka ni ndogo, na wewe ni ushahidi upande wangu.

Akili bandia nayo inaitia nguvu hoja ile ile. Kazi inayoliwa kwanza ni ile inayojirudia: kulinganisha ankara na malipo, kuingiza risiti, kupatanisha taarifa za benki. Hiyo ndiyo kazi ambayo kwa miaka mingi walipewa wachanga. Ikiwa hakuna anayeweza kuahidi kwamba kazi ya kadeti wa leo itakuwapo baada ya miaka sita, basi hatari ya kuondoka, kwa kutaka au kwa kutakiwa, imepanda. Na hatari ikipanda, mtu hukagua mlango wa kutokea kwa makini zaidi. Kuingia mapema kunamwokoa yule anayeingia mahali panapomfundisha kuamua. Aliyeingia mapema kwenda kuskani karatasi amewahi foleni tu.

Nikurudie sasa, binti wa Blacktown, maana Ijumaa inakuja. Kwa uliyonieleza, ufadhili wa chuo ndio wenye mlango mpana: Chuo Kikuu cha New South Wales (UNSW) kina mpango wa namna hiyo tangu 1988, na anayesoma kutwa akaona kampuni zaidi ya moja anabaki na shahada yake hata akiukimbia uhasibu. Ikiwa posho ya ufadhili inaweza kubeba sehemu yako ya gharama za nyumbani, chukua huo. Ikiwa haiwezi, chagua kati ya ukadeti wa aina mbili, na uchague ule utakaokuandikia mambo matatu: siku za masomo zinazosimama hata Agosti, marejesho ya ada yanayopungua kila mwaka, na jina la msimamizi atakayethibitisha uzoefu wako. Mshahara ulinganishwe baada ya hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yako kubwa kwa sasa ni miaka yako: ifungulie daftari, uandike utaondoka na nini ukitoka baada ya mwaka mmoja, mitatu, na mwisho wa mkataba. Kisha iandikie kampuni ya jijini leo, kwa adabu, uombe wiki moja zaidi ya kuusoma mkataba pamoja na wazazi. Wakikubali, umeshajua jinsi watakavyokutendea Agosti. Wakikataa, umejua pia, na hukulipa hata senti.